Siku 31 kando ya kitanda cha mdogo wangu

Harufu ndiyo iliyonijulisha. Ilikuwa asubuhi ya siku ya nane tangu mdogo wangu apasuliwe ili mtoto atolewe. Nilikuwa nimeinama kumvisha mtoto nepi, ikanifikia kutoka chini ya shuka: nzito, tamu-tamu, kama nyama iliyosahauliwa ndani ya sufuria iliyofunikwa. Nikainua shuka. Bandeji ilikuwa imelowa upande wa kushoto, na kilichoilowesha hakikuwa damu, kilikuwa na rangi ya uji wa mahindi uliopoa. Mdogo wangu alikuwa ananitazama usoni. "Yaya," akaniita, yaani dada mkubwa, "kuko nini pale?" Nikamwambia si kitu, nikashusha shuka, nikatoka nje kulia.

Hayo yalitupata hapa Bukavu, mashariki ya Kongo, mwaka 2022. Hospitali siitaji jina, kwa sababu waliokosea tulikuwa wengi, na waliotuokoa walikuwa humo humo. Naandika kwa kuwa kila mara, pale Kadutu ninapouza vitenge, nasikia mama akisimulia habari ya binti yake aliyeharibikiwa kidonda hospitalini, kisha anamalizia kwa kusema ni bahati mbaya. Mimi neno hilo nimelikataa. Chumbani tulikuwa na wagonjwa 11, na kwa ninayoyajua leo ningeweza kuvionyesha kwa kidole vitanda ambavyo maambukizi yangefika, kabla hayajafika.

Nianze nyumbani, kwa maana yalianzia nyumbani.

Mdogo wangu alikuwa na miaka 37, mimba ya sita. Anakaa Cimpunda, kule juu nyumba zilikobanana mpaka ukuta wa mmoja ni kiti cha mwingine, na mvua ikinyesha hakuna pikipiki inayokubali kupanda. Mume wake alikuwa Kamituga kwenye machimbo, simu haipatikani. Uchungu ulianza Jumatano mchana, chupa ikapasuka magharibi. Hatukuondoka. Tulijua hospitali itaomba malipo ya kwanza, na mkononi tulikuwa na dola 35. Usiku ule na siku iliyofuata nilizunguka: kwa mama wa likelemba, yaani kikundi chetu cha kuchanga pesa kwa zamu, kwa shangazi wa Nyamugo, kwa jirani ambaye bado nilikuwa na deni lake. Huko nyumbani chupa ilikuwa imeshapasuka, na mlango wa mtoto ulikuwa wazi saa baada ya saa. Sikujua kwamba kila saa chupa inapokaa imepasuka, vijidudu vinapata nafasi ya kupanda kwenye nyumba ya uzazi. Nilidhani tunangoja pesa tu.

Katika kungoja huko nilifanya jambo ambalo mama yetu alilifanya kwangu, na bibi alilifanya kwake. Nilimchemshia maji, nikanunua wembe mpya, nikamnyoa nywele za chini ili afike kwa waganga wa hospitali akiwa msafi. Nilimnyoa kwa upendo na kwa uangalifu, hata tone la damu halikutoka. Kumbe wembe huacha mikwaruzo ambayo jicho haliioni, na kila mkwaruzo ni nyumba ya vijidudu karibu kabisa na mahali kisu kitakapopita. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2016 juu ya vidonda vya upasuaji, linakataza kumnyoa mgonjwa kwa wembe. Nywele ziachwe, na zikizuia kazi zikatwe kwa mashine ya kukatia nywele. Dada unayesoma hapa na mimba yako, tafadhali mwambie mama yako. Kuoga kwa sabuni kunatosha.

Tulifika hospitali Alhamisi jioni, siku nzima baada ya chupa kupasuka. Daktari alimfunua kope za chini, zilikuwa nyeupe kama karatasi. Damu ilikuwa chache, mtoto amechoka, lazima apasuliwe. Nikapewa karatasi ya vitu vya kununua katika duka la dawa: glovu, nyuzi, serumu (maji ya dripu), dawa za usingizi, antibiotiki. Nikahesabu pesa, haikutosha. Nikajiuliza ni kitu gani bila hicho hawawezi kumpasua, nikanunua nyuzi, glovu, serumu na dawa za usingizi. Antibiotiki nikaiacha hadi asubuhi. Niliiona kama dawa ya kumeza au kuchoma baada ya kazi, kama tunavyofanya na dawa zote.

Hili nalirudia kila ninapopata mtu wa kunisikiliza. Ile sindano ya antibiotiki huchomwa kabla ya kisu, ndani ya saa mbili kabla ngozi haijakatwa, ili dawa iwe tayari ndani ya damu wakati mwili unafunguliwa. Ukiileta kesho yake umeleta kitu kingine. Hakuna aliyenieleza, nami sikuuliza, niliona aibu kuonekana sijui na aibu kubwa zaidi kuonekana sina. Kama pesa yako haitoshi vitu vyote, simama mbele ya muuguzi umwambie: "Nina kiasi hiki, kipi kinaanza?" Ni maneno machache, nami sikuyatamka.

Alfajiri ya Ijumaa mtoto akalia. Msichana. Tukamshukuru Mungu, tukadhani tumevuka.

Chumba tulicholazwa kilikuwa cha wanawake waliopasuliwa, wa uzazi na wasio wa uzazi, vitanda 8 na wagonjwa 11. Wengine walilala wawili kitanda kimoja, kichwa kwa miguu. Magodoro yalikuwa yamechanika ngozi ya juu, sponji iko wazi, na sponji hainawishwi. Sisi magadi-malade, yaani ndugu tunaolala na wagonjwa, tulitandika vitenge chini ya vitanda. Tulipika uani, tulifua uani, tulirudi ndani na miguu ya uani. Wageni walikuja kwa makundi baada ya misa, wakakaa juu ya vitanda, wakapokezana mtoto mikono kwa mikono. Nami niliwakaribisha, kwa sababu kwetu mzazi asiyetembelewa ni mzazi aliyetupwa.

Bomba lilikuwa chini uani na maji yalikuja usiku wa manane, au hayakuja. Ukiamka unamkuta mama wa kwanza ameketi juu ya bidoni yake: "Leo maji haiko." Kijana wa kusomba aliuza bidoni ya lita 20 kwa franka 500. Sasa fanya hesabu ya mwanamke asiye na pesa. Maji hayo yamwogeshe mgonjwa, yafue nepi, yaoshe vyombo, yapike uji. Ukibana matumizi, kinachobanwa kwanza ni kunawa mikono, kwa sababu mikono isiyonawa haionekani. Nepi chafu inaonekana na inanuka. Mikono yangu ilionekana safi siku zote.

Ghorofa ya juu palikuwa na vyumba vya mtu mmoja mmoja, kila kimoja na bomba na tanki lake. Usiku ule ule aliopasuliwa mdogo wangu, alipasuliwa pia mke wa mfanyabiashara mmoja, kwa daktari yule yule na katika chumba kile kile cha upasuaji. Nilimwona siku ya nne akishuka ngazi na mtoto wake, anaenda nyumbani. Alikuwa amekuja mapema, dawa zote zilikuwa tayari, damu yake ilikuwa nzuri, akalala peke yake, akatoka upesi. Simwonei kijicho, Mungu amkuzie mtoto. Ila nilipoanza kuelewa mambo, yeye ndiye niliyemkumbuka kwanza.

Kitanda cha jirani alikuwa bibi mmoja tuliyemwita Koko. Alitoka vijiji vya juu Kalehe, alikimbia vita, akaanguka njiani akavunjika nyonga. Aliyemsindikiza alikuwa mjukuu wa kiume wa miaka kama 10, ambaye mchana alizunguka kutafuta chakula na usiku alilala miguuni pake. Koko alizungumza Kihavu tu. Waganga walimuuliza kwa Kiswahili, wakaandika kwa Kifaransa, yeye akaitikia kwa kichwa kila kitu. Mimi ni Mshi, tunasikilizana, basi nikawa binti yake. Nilimgeuza, nilimlisha, nilimwaga mkojo kutoka mfuko wa sondi, ule mpira unaowekwa kwa mgonjwa asiyeweza kuamka. Mara nyingi mfuko ulikuwa sakafuni. Nikishamaliza nilisuuza vidole katika besheni ambayo mimi na yeye tulitumia pamoja, nikarudi kwa mdogo wangu. Na kwa mdogo wangu, kwa wasiwasi tu, nilikuwa nainua kona ya bandeji kuchungulia. Asubuhi mara moja, jioni mara moja.

Sitajua kamwe vijidudu vilipitia mlango gani: wembe, chupa, dawa iliyochelewa, godoro, au vidole vyangu. Ila najua nani alikuwa ameifungua ile milango.

Siku ya tano daktari alisema mdogo wangu anaweza kwenda nyumbani. Hesabu ilikuwa dola 290, tulikuwa tumelipa 110. Mlinzi wa lango hakuwa na ukali wowote. Alinyoosha mkono tu: "Karatasi iko wapi, mama?" Karatasi ya kutoka ilikuwa kwa mhasibu. Tukarudi kitandani. Mwanamke aliyepona akarudishwa kulala katika chumba cha wagonjwa, usiku wa tano, wa sita, wa saba, kwa sababu ya dola 180. Na hatukuwa peke yetu. Kati ya wale 11, nilihesabu wanne waliokuwa wanangoja pesa wala si kupona. Wanawake hao ndio waliokaa siku nyingi kuliko wote, na kukaa ndiko kunakokupa ugonjwa wa hospitali. Kila siku unapovuta hewa ile, unapolalia godoro lile, unapoguswa na mikono iliyotoka kwa mwingine, ni siku nyingine ya hatari. Mwaka 2023 serikali ilianzisha mpango wa uzazi wa bure, ikaanza na Kinshasa. Wakati wetu ulikuwa bado haupo.

Ndipo ikafika siku ya nane, na ile harufu.

Nyuzi zilikatwa, kidonda kikafunguliwa tena, kikaoshwa. Mdogo wangu alinishika kiganja hata kucha zake zikaacha alama nne ambazo nilizitazama jioni nzima. Mama mkwe wake alileta majani ya kusaga ili tupake. Nikamzuia kwa heshima, akanuna, yakapita. Tukaanza sindano. Siku tano tulinunua sindano na homa haikushuka. Daktari alikuwa ameomba tangu mwanzo usaha upelekwe maabara, vijidudu vioteshwe na kujaribiwa dawa ipi inaviua. Kipimo kilikuwa dola 30, nami nilisema tungoje kidogo, labda sindano zitafaulu. Tulipokipima hatimaye na majibu kuja baada ya siku nne, ilionekana vijidudu vile vilikuwa sugu kwa dawa tuliyokuwa tukiinunua. Dola 30 nilizozibana zilinila zaidi ya 100 za sindano zisizofanya kazi, na siku za homa ambazo mdogo wangu hakuweza kumnyonyesha mtoto. Kipimo kikiombwa, kitangulie.

Katika siku hizo alikuwepo muuguzi mkuu wa zamu, mama mtu mzima wa miwani. Aliniona nikitoka kwa Koko kwenda kwa mdogo wangu. Hakunigombeza. Aliniita uani, akakwangua masizi chini ya sufuria yangu mwenyewe, akayachanganya na tone la mafuta, akanipaka viganja vyote mbele na nyuma. "Sasa nawa vile unanawaka siku zote." Nikanawa kwa sabuni, nikasuuza, nikamwonyesha. Viganja vilikuwa vyeupe. Akanigeuza mikono taratibu. Katikati ya vidole palikuwa peusi. Kuzunguka dole gumba palikuwa peusi kabisa, kama sikugusa. Chini ya kucha palikuwa peusi. "Kwa hivi vidole ndivyo unainua bandeji," akasema.

Akanifundisha: viganja, migongo ya mikono, kati ya vidole, dole gumba moja moja likizungushwa ndani ya kiganja cha mkono mwingine, ncha za vidole zikikwaruzwa kiganjani. Sabuni na maji, sekunde 40 hadi 60 kwa jumla. Kwa dawa ya spiriti ya kupaka, sekunde 20 hadi 30 mpaka ikauke yenyewe. Kabla ya kumgusa mgonjwa na baada yake, na kabla ya kupita kwa mgonjwa mwingine. Besheni moja kwa wagonjwa wawili, hapana kabisa. Ndoo yenye kibomba kidogo ni bora kuliko besheni yoyote, kwa sababu maji yanateremka na kwenda, mtu hanawi katika uchafu wake.

Nilimuuliza swali lililokuwa likinichoma: kwa nini sisi? Tukasimama mlangoni, akanionyesha chumba kitanda kwa kitanda. Yule ana sukari. Yule ametoka kisiwa cha Idjwi, alikaa siku mbili akingoja mtumbwi. Yule ni mtoto wa miaka 16, mwili haujakomaa na aliyemtia mimba hajaonekana. Yule halali vizuri kwa njaa, kwa hiyo nyama haishikani. Yule ana homa siku ya tatu na anaificha, kwa kuwa kila kufunga kidonda kunaongeza hesabu. Yule ni Koko, mzee, hana mtu, hana lugha. "Vijidudu havimchagui maskini," aliniambia. "Sisi ndio tunamchagua, kwa kumchelewesha, kumbananisha na kumkalisha." Niliyaandika maneno hayo nyuma ya karatasi ya dawa, ninayo hadi leo.

Baadaye nilianza kusoma, nikaona si Bukavu peke yake. Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti mwaka ule ule wa 2022: kati ya wagonjwa 100 wanaolazwa katika nchi tajiri, 7 hupata angalau ambukizo moja humo hospitalini. Katika nchi za kipato cha chini na cha kati ni 15. Kwa wastani mmoja katika kila 10 wanaoambukizwa hufariki kwa sababu hiyo. Na Afrika, kwa mujibu wa shirika hilo hilo, wanawake hadi 20 kati ya 100 wanaojifungua kwa upasuaji hupata maambukizi ya kidonda. Nilipoisoma ile 20 nilikaa kimya. Mdogo wangu alikuwa mmoja wao.

Muuguzi yule alinisimulia pia habari ya Yambuku, kijiji cha kaskazini mwa Kongo, ambayo kila aliyesomea uuguzi nchini kwetu anaijua. Mwaka 1976, katika hospitali ya misheni, wauguzi walipewa sindano tano kila asubuhi kwa wagonjwa wote wa siku, zikasuuzwa na kutumika tena. Wengi walioambukizwa Ebola pale walikuwa wanawake wajawazito waliokuja kliniki kuchomwa dawa za kuwatia nguvu. Watu 318 waliugua, 280 walikufa. Na kule Ulaya, Vienna, mwaka 1847, daktari Ignaz Semmelweis aliona wanawake wanakufa zaidi katika wodi ya uzazi iliyohudumiwa na madaktari na wanafunzi wao, waliotoka kupasua maiti, kuliko katika wodi ya wakunga. Wazazi wenyewe walilijua hilo kabla yake, walilia wasipelekwe wodi ile ya madaktari. Alipowaagiza madaktari wanawe mikono kwa maji ya klorini, vifo vikashuka sana. Na waliozalia pale walikuwa maskini, wengi hawana waume. Wenye mali walizalia majumbani mwao. Karne na nusu na zaidi imepita, na niliposoma hayo niliona ngazi ya ghorofa ya juu na mke wa mfanyabiashara akishuka.

Koko alifariki siku yetu ya 19. Naandika hili kwa uzito. Siku nne kabla, mkojo katika mfuko wake ulibadilika, ukawa na ukungu kama maji ya kuoshea mchele, nami ndiye niliyeumwaga. Aliniambia kwa Kihavu kwamba chini panamwaka moto. Nilimjibu kwamba ni uzee, Koko, vumilia. Nilikuwa nimechoka, nina mgonjwa wangu, na nilidhani waganga wanaona. Hawakuona, kwa sababu aliyeona ni mimi. Mpira wa mkojo kila siku unayozidi kukaa unazidi kuleta hatari, na swali la kuuliza kila asubuhi ni moja tu: bado unahitajika? Hakuna aliyeuliza kwa niaba yake. Mfuko uning'inizwe chini ya usawa wa kibofu, wala usiguse sakafu. Mkojo ukibadilika rangi au harufu, au mgonjwa akilalamika, mwambie muuguzi saa ile ile. Kama mgonjwa wa kitanda cha jirani hasemi lugha ya waganga na wewe unaisema, msemee. Mjukuu wake alikaa siku mbili kitandani pake akikataa kuondoka, tukamlisha, mpaka ndugu wa mbali wakaja kumchukua.

Dawa mpya ilifanya kazi. Homa ikashuka siku ya tatu, kidonda kikaanza kuwa chekundu kizuri, chenye kung'aa. Nikaacha kuchungulia. Bandeji ilifunguliwa na muuguzi tu, na kabla hajaifungua nilimshikia ndoo ya maji na sabuni bila neno lolote, kana kwamba ni desturi ya nyumbani kwetu kumnawisha mgeni. Hakuna hata mmoja aliyekasirika. Nililiogopa jambo hilo majuma mawili, na lilikuwa jepesi namna ile.

Tulitoka siku ya 31. Jumla yote ilifika dola 780. Niliuza vitenge vyangu vyote kwa nusu ya bei, mume wake akatuma kiasi kutoka Kamituga, na baki tuliandikiwa kulipa kila mwezi kwa dhamana ya mzee wa kanisa. Na hapo nilijifunza neno la mwisho, nikalipokea kwa uchungu. Utaratibu ule wa kulipa kidogo kidogo kwa dhamana ulikuwepo tangu siku ya kwanza. Palikuwa na ofisi ya mambo ya jamii pale pale hospitalini, mlango wa tatu kutoka kwa mhasibu. Tungeingia siku ya tano, tungelala nyumbani siku ya tano. Basi wewe ingia siku ya kwanza, kabla deni halijawa kubwa, ukiwa na mtu wa kukudhamini. Na kama mtaani kwenu kuna mituele ya afya, yaani chama cha kuchangia matibabu, jiandikisheni kabla ya mimba. Baada ya hapo nyumbani endeleeni kutazama kidonda, kwani kinaweza kuharibika hata siku 30 baada ya kupasuliwa: homa, harufu, wekundu unaotambaa, maumivu yanayozidi badala ya kupungua. Ukiona moja, rudi, hata kama bado unadaiwa.

Mtoto anakua, anakimbia na ana kelele. Mdogo wangu ana kovu nene lililokunjamana, na baridi ikija linamvuta. Kurudisha biashara yangu kulinichukua karibu miaka miwili.

Nyuma ya mlango wangu pana mfuko. Ndani yake mna ndoo ndogo yenye kibomba, sabuni mbili, vitambaa sita vilivyochemshwa na kupigwa pasi, chupa ya spiriti ya mikono, mfuko wa takataka, na daftari la kuandika saa za dawa. Mwanamke yeyote wa mtaa wetu akikaribia kuzaa anaubeba, na kabla hajaubeba namkalisha, napaka masizi mikononi mwa yule atakayelala naye. Wiki iliyopita ulirudi kutoka kwa binti wa jirani, aliyepasuliwa na kutoka siku ya tano. Sabuni ilikuwa imebaki kipande chembamba kama ganda la yai. Nimeshanunua nyingine.